Mafua Yanayokula Kansa

...na wala si swali gumu, ni kula au kutokula tu, mtu yeyote angelijibu bila hata kuinua kichwa, lakini Warda ameinamia fungu lake la lengalenga kana kwamba hakusikia, anachuma jani, anatupa shina, anachuma jani, na sauti ya Maman inarudi tena kutoka jikoni pamoja na mvuke wa wali, "Warda, mi nakuuliza, kesho niende à jeun ao nikule kwanza?" ... kesho, yaani Jumatatu, yaani hospitalini, ambako watamtoa Maman damu waone kama anafaa kuingizwa kwenye jaribio la dawa mpya, na damu hiyo itateremshwa maabara, itafika mezani kwa Warda mwenyewe, bintiye, mtafiti, aliyeitengeneza dawa hiyo pamoja na wenzake, na Warda hana haja ya kuingoja kesho, anajua tayari damu hiyo itasema nini, anajua tangu juzi Ijumaa, amelala na jambo hilo, ameamka nalo, amepanda nalo basi la 71, ameshuka nalo Porte de Namur, akapita nalo mbele ya saluni za Matongé, mtaa wa Waafrika huku Ubelgiji, ambako wasichana walikuwa ndio kwanza wanainua milango ya chuma, akapanda nalo ngazi mpaka huku juu, na Maman alipofungua mlango kitu cha kwanza alichosema ni kwamba Warda amekonda, yeye Maman ambaye kitenge chake siku hizi kinamzunguka mara mbili na bado kinatafuta mahali pa kushika, amekonda nani sasa, Maman, amekonda nani... mboga zenyewe kazileta yeye, kaamka akaenda soko la Gare du Midi na kikapu chake cha magurudumu, pamoja na ini lake lile lenye kansa, kabishana na muuza samaki, karudi anahema, kakaa kwenye ngazi akapumzika halafu akamwambia jirani kwamba hakuwa amechoka, alikuwa anafunga kiatu, na viatu vyake havina kamba. Anachuma jani. Mwongo mkubwa, Maman, na Warda naye leo ni mwongo kama yeye, damu ni ileile.

Damu... ilikuwa Ijumaa mchana na Océane alikuwa ameshavaa koti, amesimama mlangoni anasema jambo kuhusu keki, kuna mtu alikuwa na siku ya kuzaliwa kule ghorofa ya pili, tu viens, unakuja au huji, na Warda akasema nakuja, huku jicho likiwa kwenye hadubini, maana alikuwa amechukua kichupa cha ziada cha damu ya Maman, kamwomba nesi kwa upole, kampa sababu ya uongo, akasema moyoni ngoja nijihakikishie tu, ngoja nifurahi mapema... na kipimo chenyewe ni rahisi, wanafunzi wanakifanya huku wakisikiliza muziki, unaotesha seli kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, unatia tone la maji ya damu ya mgonjwa, yale ya manjano yanayobaki juu damu ikishatulia, halafu unatia kirusi, kile kinachobeba dawa yao, na kirusi hicho kimebebeshwa jeni ya kuwaka kijani, kikifaulu kuingia ndani ya seli, seli inawaka, lakini kama ile damu ilishawahi kukutana nacho zamani ina kingamwili zake, zinakijua, zinakidaka mlangoni, hakiingii, na seli zinabaki gizani. Ni hayo tu. Upande mmoja wa sahani alikuwa ametia damu ya Océane, maana maabara nzima wanatumia damu ya Océane kama kipimo cha damu safi, amejaliwa tu yule, hata Wabelgiji wengi wana kingamwili hizo lakini yeye hana, kwa hiyo wanamtoa damu mara kwa mara, wanampa biskuti, wanamtania kwamba yeye ni ng'ombe wao wa maziwa, na wanaigandisha kwenye vichupa vidogo, kisanduku kizima, rafu ya chini ya friza... upande wa Océane ulikuwa unawaka wote, kijani tupu, unapendeza mpaka unataka kumwita mtu aje aone. Upande wa Maman ulikuwa mweusi. Akasogeza sahani, akasema nimekosea safu, hakuwa amekosea safu, akaenda kwenye kishimo alichokizimua zaidi, mweusi, akaenda kwenye kile alichokizimua mpaka damu yenyewe ikawa karibu maji matupu, mweusi tu, na Océane mlangoni akasema bon, nitakuwekea kipande, akaenda zake, na kweli alimwekea kipande, kilikuwa cha malimau, Warda alikila amesimama na hakusikia ladha yake.

Maana kirusi chenyewe ni cha mafua, haya haya ya watoto, hakuna cha ajabu, wamekinyang'anya yale yanayougulisha watu, wakakibebesha jeni moja tu ambayo ikishaingia ndani ya seli ya kansa inaiamuru ijiue, na kazi ya kirusi ni kuupeleka mzigo ule basi, kibishe hodi, kiingie, kiutue, na Warda ameutumia ujana wake wote kukifundisha kirusi hicho mlango upi ni wa kansa na mlango upi ni wa watu wema, wenzake wakiolewa, wenzake wakienda likizo Bujumbura na kurudi na picha za ziwa, na alipojaribu kumweleza Maman, zamani, kabla ya ini, Maman alisikiliza mpaka mwisho akauliza, donc unafundisha mafua kukula kansa, na Warda akacheka, akasema ndiyo Maman, karibu hivyo, na tangu siku hiyo hakuna asiyejua, Warda wangu anafundisha mafua kukula kansa, kaambiwa muuza samaki, wakaambiwa wamama wa msikitini wakaomba dua, wakaambiwa walinzi wa yale majengo ya Schuman ambako Maman alisafisha ofisi za wakubwa miaka na miaka, akiondoka nyumbani Warda hajaamka, akirudi na harufu ya sabuni ya sakafu, akimkuta Warda na vitabu mezani na kumwambia kwa sauti ya chini usinyanyuke, soma tu... na ini lilipougua, na dawa za kwanza zikashindwa, na za pili zikamtoa nywele kisha zikashindwa nazo, Maman hakulia, alimtazama daktari kwa huruma kabisa, huruma ya mtu aliyeficha kitu kizuri mfukoni, akamwambia docteur, usijihangaishe, mutoto wangu iko nayo dawa. Iko nayo. Anachuma jani, jani limepasuka mikononi, kijani kimemwingia kuchani.

Na hajalijibu swali. Angesema nini, aseme usile, Maman, nenda na njaa yako, uende ukatolewe damu ambayo mwanao ameshaiona ikikataa... au aseme ukweli, na ukweli una maneno machache mno, ndiyo maana hautamkiki, mwili wako unakijua kirusi changu, Maman, utakiua kabla hakijafika, na sheria inasema mwenye damu kama yako asiingizwe, na sheria hiyo ni ya haki, Warda mwenyewe aliitetea mkutanoni mbele ya watu wazima, akasema kumtia mtu huyo dawa ni kumpa homa na matumaini na hakuna cha tatu, na picha ukutani ilikuwa inaonyesha ramani, mahali kingamwili hizo zilipo nyingi pamekolezwa rangi, na Afrika ya kwao ilikuwa imekolea kupita kote, kule watoto wanalala wengi kwenye mkeka mmoja na mafua ni ya jamii, na mtu mmoja akasema inasikitisha, wakakubaliana kwamba inasikitisha, wakaenda picha inayofuata. Hakumwona Maman kwenye ramani ile. Alikuwa anaitazama kwa macho ya kazi... lakini friza ipo. Rafu ya chini. Tangu Ijumaa mkono wake umekwenda pale kwa mawazo mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka, kesho kichupa cha Maman kitafika kikiwa na namba tu bila jina, atakiweka kando, atavuta kisanduku cha Océane, atatia damu ya Océane mahali pa damu ya Maman, sahani itawaka kijani tupu, na hakuna atakayeuliza, nani amwulize Warda, Warda ndiye huwa anauliza wenzake, na Maman ataingia, ataingizwa sindano kwenye ini kama wagonjwa wengine, na labda, kwa kuwa inaingia moja kwa moja kwenye uvimbe, labda vichache vitapenya kabla ya kudakwa, labda... yeye anayewakatia wanafunzi wake neno labda kwa kalamu nyekundu. Mwili hauhongeki, anajua. Unaweza kuidanganya sahani, unaweza kumdanganya bosi, ini halijali umeandika nini, litajaa vita, homa itapanda, na mwili ule hauna tena kitu cha kupigania, anajua, anajua, na bado mkono unakwenda kwenye friza, kwa sababu kati ya labda na hapana yeye ni mtoto wa mtu na...

Mlango unagongwa na kufunguliwa palepale, ni Yasmina wa ghorofa ya chini, binti wa watu wa Buyenzi kule Bujumbura, aliyezaliwa hapahapa Ixelles, nywele hazijachanwa, kambeba Djibril wake ambaye hajatimiza hata miezi mitatu, na mtoto analia kile kilio cha kukatikakatika, analia, anakwama, analia, na Yasmina naye karibu atalia, "Maman Warda, samahani, tangu asubuhi anakataa ziwa, anashika, anaachilia, pua imefunga kabisa, nilinunua ile appareil ya pharmacie ya kuvuta kamasi, inamuogopesha tu," na Maman ameshatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kitenge, mwiko kautia kwapani, "Appareil. Bon. Leta mutoto," na kabla Warda hajaelewa kinachotokea Maman amekaa kwenye kochi, amemlaza Djibril mapajani, ameinama, ameziba pua ile ndogo kwa kinywa chake chote, na anavuta... Warda amenyanyuka nusu, majani yanamwanguka mapajani, "Maman, acha, docteur alikukataza kukaribia bantu ya mafua, na zile dawa za chimio hauna kinga," na Maman ananyoosha kidole kimoja hewani, ngoja, anavuta tena, anatema kwenye karatasi aliyopewa na Yasmina, anapumua, anapangusa mdomo, "Docteur alikataza bantu. Huyu haiko muntu bado, ni mutoto," na Yasmina anacheka machozi yakiwa bado machoni, na Maman anainama tena, pua ya pili, mashavu yake yamebonyea, yamekuwa mashimo, lini yamekuwa mashimo hivyo, na mtoto anapiga mateke, anakohoa, halafu, ghafla, anavuta hewa ndefu kwa puani, anashangaa, ananyamaza. "Voilà. Mupe ziwa." Yasmina anampokea, anageuka kidogo upande wa dirisha, na chumba kinajaa sauti ile ya mtoto anayenyonya kwa hasira za njaa, na Maman amebaki kochini anapumzika, atasema anafunga kiatu, lakini hasemi hivyo, anamtazama Warda aliyesimama nusu na kusema kwa furaha kabisa, "Unashangaa nini, weye mwenyewe nilikuvuta hivi. Tulifika Uvira tunakimbia vita ya Bujumbura, Papa yako amebaki kule, weye pua imejaa, haunyonyi, bamaman benzangu banasema huyu tutamuzika hapa. Nikasema hamumuziki. Nikakuvuta, nikatema, nikakuvuta, siku muzima. Na batoto ya bengine pia, balikuwa bananiletea tu, ata ya bantu sijue majina. Alors weye ukapona, mimi njo nikaanguka. Mafua yako yote ikaingia kwangu," na anacheka, anajipiga goti, anasema kwa Yasmina, "Huyu docteur wangu, alinigonjesha huyu."

Warda anakaa. Mafua yako yote ikaingia kwangu. Ngoja. Ngoja kwanza, wewe ni mwanasayansi, hakuna kipimo duniani kitakachosema ni mafua ya nani yaliyoifundisha damu ya mtu, yangeweza kuwa ya utoto wa Maman mwenyewe, ya mkeka wa Buyenzi, ya basi, ya ofisi za Schuman, na kingamwili zinafifia zisipokumbushwa, zinataka kukumbushwa, na nani alimkumbusha kama si kila mtoto aliyeletwa, wale wa Uvira, na huku Matongé nako, anakumbuka sasa, anawaona, wamama wakigonga mlango huuhuu na vitoto vyao vimevimba kwa kilio, Warda yuko mezani na vitabu, anakereka kwa kelele, na nyuma yake Maman ameinama anavuta, anatema, na wiki inayofuata Maman anakwenda kusafisha ofisi akipiga chafya, kila baridi, kila mwaka, na Warda anamwambia unaambukizwa bure, Maman, na Maman anasema bure gani... hii ndiyo iliyokuwa kwenye vishimo vile. Hii ndiyo aliyoitazama Ijumaa akasema mweusi, mweusi, mweusi. Alikuwa anaomba kuona damu isiyojua kitu, akaletewa damu inayokumbuka kila mtoto, na wa mwanzo kabisa pengine yeye, bila ushahidi, hawezi kuiandika popote, hawezi kuisimamia mkutanoni, lakini yuko mle, pua yake iko mle, pumzi yake ya miezi miwili kule Uvira ilinunuliwa kwa kinywa kile na risiti yake ndiyo inayomkataza Maman dawa. Machozi yanamjaa na hayamwagiki. Anamwangalia Djibril anavyonyonya, jasho kwenye paji la uso, mkono umekamata kidole cha mama yake, na anatamani kumchukia na hawezi.

Na ule mkono, ule wa friza, haupo tena. Anautafuta na haupo. Kwa sababu kuitia damu ya Océane mahali pa damu ya Maman kungekuwa kuandika kwamba mwanamke huyu hajawahi kumvuta mtoto yeyote mafua, kwamba hapakuwa na Uvira, kwamba Warda alijiponea mwenyewe, na Maman angelala pale kitandani anachemka kwa homa, akiwaambia manesi kwa fahari kwamba hii ni kazi ya mutoto wake, na angekufa anaamini, na ingekuwa kweli, ingekuwa kazi ya mtoto wake... hapana. Hapana, basi. Na hapana hii ya sasa inauma kuliko ile ya Ijumaa, kwa maana tangu Ijumaa moyo wake ulikuwa umeegemea kile kisanduku, na kisanduku kimeondolewa, na moyo umeanguka chini mzima mzima, hakuna kitu tena kati yake na jambo lenyewe, Maman atakufa, ndilo jambo lenyewe, alikuwa hajalisema hata kwa ndani, Maman atakufa na si mbali, kirusi kingine wanachokijaribu, kile ambacho watu hawajakutana nacho, hakitakuwa tayari, kitawafaa wengine, kitamfaa pengine Djibril akiwa mzee, na Maman atakufa na kitenge chake na viatu vyake visivyo na kamba, na yeye atapanda ngazi hizi na mlango hautafunguliwa na mtu wa kumwambia amekonda. Yasmina anasema jambo kuhusu kurudi chini, kuhusu asante, kuhusu nguo za mtoto alizoacha kwenye mashine, Maman anasema mupishe hewa muzuri, musimufunike sana, Yasmina anainama anambusu Maman, anamwambia Warda bon dimanche, na Warda anajibu, sauti yake imetoka vizuri, amejishangaa. Mlango unafungwa. Wali unanukia kama unataka kushika chini. Maman amenyanyuka, amefika kizingiti cha jikoni, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, amegeuka.

"Na weye haukunijibu. Kesho nikule ao nisikule?"

Ni kula au kutokula tu... "Kula, Maman."

"Nikule? Docteur alisema à jeun."

"Kula," anasema Warda, na jani liko mkononi, na safari hii ameinua kichwa, "kula asubuhi, kula vizuri, kesho hatuendi. Kuja ukae kwanza, nikuambie."

 Maman anaingia jikoni, unasikika moto ukizimwa, anarudi, anavuta kiti cha pili, anakaa, anavuta nusu ya lengalenga upande wake na kuanza kuchuma.